Mbio za viunzi si urithi wa mlima

Likizo ya Agosti iliyopita nilipata mgeni kutoka Mombasa. Mgeni mwenyewe ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwanafunzi wa miaka 15, mrefu wa miguu kama heroe wa ziwa hili letu la Nakuru. Alishuka basi alfajiri, akaniamkia, na kabla hatujafika nyumbani alikuwa amekwisha niuliza uwanja uko wapi. Jana yake mama yake alikuwa amenipigia simu. Alisema mtoto amependa mbio za kuruka viunzi, na kwa kuwa mimi naishi Bonde la Ufa, kwenye chimbuko la wakimbiaji, basi nimtafutie mwalimu kabla shule hazijafunguliwa. Mwisho akaongeza: "Wewe wajua, ndugu yangu, mbio ni za watu wa bara. Huku kwetu atapoteza wakati wake bure."

Maneno hayo si mageni kwangu. Nimezaliwa Mji wa Kale, na tangu utotoni nimeyasikia barazani, kahawa ikizunguka: mpira ni wetu, bahari ni yetu, lakini mbio ni za watu wa bara, hewa yao nyembamba, milima yao na maziwa yao ya mursik ndivyo vilivyowajenga. Nami niliyaamini. Nilipokuja kufanya biashara hapa Bondeni niliyakuta yanasemwa vile vile, tofauti ni kwamba huku yanasemwa kwa majivuno na kule kwetu kwa kukata tamaa.

Safari ya binti huyu ilinilazimisha kuyapima maneno hayo. Niliyoyapata nayaleta mbele yako, msomaji mwema, kwani naona yanahusu nyumba nyingi kuanzia Vanga hadi Kiunga.

Hatua ni mizani, kiunzi ni kina

Kwanza tuzielewe mbio zenyewe. Mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja, mita 400, naye hana ruhusa ya kutoka katika njia yake. Njiani ameekewa viunzi 10. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45. Kutoka kiunzi hadi kiunzi ni mita 35. Na kutoka kile cha mwisho hadi utepe ni mita 40. Viunzi vya wanaume vina kimo cha sentimita 91.4, na vya wanawake sentimita 76.2.

Mwenye kujua mashairi atanielewa upesi. Baina ya viunzi viwili kuna hesabu ya hatua. Mabingwa wengi wa kiume hupiga 13, wengine 14 au 15. Hatua ni mizani, na kiunzi ni kina. Ukizidisha mizani moja au ukiipunguza, kina hakiangukii mahali pake. Mguu unaofika si ule uliotarajiwa, na shairi zima limekuwa guni. Tena ubeti wa mwisho wataka mizani ile ile ya ubeti wa kwanza, ingawa pumzi za mtu si zile zile.

Kwa hiyo hizi si mbio za nguvu tupu. Ni mbio za hesabu, na hesabu hufunzwa. Neno hili "hufunzwa" nakuomba uliweke akilini, kwani ndilo nitakalolirudia.

Mtu wa njia ya tisa

Ukitaja viunzi hapa Bonde la Ufa, jina la kwanza utakalotajiwa ni la marehemu Nicholas Bett. Alizaliwa mwaka 1990, akiwa pacha. Nduguye, Haron Koech, naye alishika mbio hizo hizo. Mwaka 2014, katika mashindano ya Afrika yaliyofanyika Marrakech, Morocco, Bett alipata nishani ya shaba. Wengi hatukumjua bado. Sisi wasikilizaji wa redio tulikuwa tukihesabu wakimbiaji wa masafa marefu.

Tarehe 25 Agosti 2015, mjini Beijing, aliingia fainali ya mashindano ya dunia akapangwa njia ya tisa. Njia hiyo ni ya nje kabisa. Kwa sababu uwanja umepinda, mkimbiaji wa njia ya nje huanzishwa mbele ya wenziwe, wala hamwoni yeyote mpaka waje wampite. Ni kama nahodha aliyetangulia msafara usiku: hana taa ya kufuata, na hajui kama walio nyuma wako mbali au karibu.

Nakumbuka alasiri ile. Nilikuwa nimeketi katika hoteli iliyo jirani na duka langu, na televisheni ilikuwa imewashwa bila mtu kuijali. Mara mpishi akapiga kelele. Bett alikuwa ameruka kiunzi cha kumi na hakuna aliyempita. Alimaliza kwa sekunde 47.79. Denis Kudryavtsev wa Urusi alikuwa wa pili kwa 48.05, na Jeffery Gibson wa Bahamas wa tatu kwa 48.17. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai alidai kwamba mtangazaji amekosea, kwamba hizo lazima ni mbio za kuruka viunzi na maji. Hakuwa wa kulaumiwa. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na Mkenya aliyewahi kutwaa dhahabu ya dunia katika mbio zilizo fupi kuliko mita 800.

Kesho yake Julius Yego akashinda dhahabu ya kurusha mkuki, naye ni mtu aliyejifunza sehemu kubwa ya ufundi wake kwa kutazama video kwenye intaneti. Kenya ikaongoza dunia nzima kwa dhahabu saba. Kwa siku mbili hizo ilionekana kama mlango mpya umefunguliwa.

Lakini mlango haukubaki wazi. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, Bett aliondolewa katika mchujo wa kwanza kwa kosa la kuruka kiunzi isivyo sawa. Pacha wake alifika fainali akawa wa saba. Mwenzao Boniface Mucheru Tumuti, aliyekuwa wa tano kule Beijing, alipata fedha kwa sekunde 47.78, akaivunja rekodi ya taifa ya Bett kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Ni muda mdogo kuliko kupepesa jicho.

Kisha ikaja tarehe 8 Agosti 2018. Bett alikuwa ndiyo kwanza arejee kutoka Asaba, Nigeria, kwenye mashindano ya Afrika. Gari lake lilipata ajali karibu na Lessos, huko Nandi, naye akafariki papo hapo. Alikuwa na miaka 28. Tangu kushinda kwake dunia hadi kuzikwa kwake haikupita hata miaka mitatu. Huku kwetu barabara imekula vijana wengi. Mwaka 2024 ilimchukua pia Kelvin Kiptum, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni, pamoja na kocha wake. Ajali hiyo ilimwondoa bingwa wa viunzi, na swali lake likabaki bila kujibiwa: je, ushindi wake ulikuwa mwanzo wa jambo, au ulikuwa mvua ya siku moja?

Mtu wa njia ya kwanza

Ili kujibu, sharti turudi nyuma. Afrika Mashariki haikuanza na Bett. Tarehe 2 Septemba 1972, katika Olimpiki ya Munich, John Akii-Bua wa Uganda alipangwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na warukaji viunzi huichukia. Alishinda kwa sekunde 47.82. Hapana mtu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla yake. David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa bingwa na mwenye rekodi tangu Mexico mwaka 1968, aliishia nafasi ya tatu.

Watu wa njia mbili za pembeni, basi: Akii-Bua ndani kabisa, Bett nje kabisa. Na Akii-Bua hakuwa peke yake. Miaka miwili kabla ya Munich, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, yeye alikuwa wa nne tu. Nishani ya fedha ilikwenda kwa William Koskei, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Uganda, na ya shaba kwa Charles Kipkemboi Yego wa Kenya. Katika watu wanne wa kwanza, watatu walikuwa wa eneo letu hili. Koskei baadaye aliikimbilia Kenya, akapata shaba mjini Christchurch mwaka 1974. Mwaka 1978, mjini Edmonton, Daniel Kimaiyo wa Kenya akatwaa dhahabu yenyewe.

Sasa nakuomba tupige hesabu moja, msomaji. Akii-Bua mwaka 1972: sekunde 47.82. Bett mwaka 2015: sekunde 47.79. Katika miaka 43, sisi sote wa Afrika Mashariki, pamoja na viwanja vipya na viatu vipya, tulisogea mbele kwa sehemu tatu za mia za sekunde! Wakati huo huo Kevin Young wa Marekani alifika 46.78 mwaka 1992, na Karsten Warholm wa Norway akakimbia 45.94 katika Olimpiki ya Tokyo tarehe 3 Agosti 2021. Katika fainali ile ya Tokyo hapakuwa na hata mtu mmoja wa kutoka Afrika Mashariki.

Mlima ni ule ule, hewa ni ile ile na maziwa ni yale yale. Kama hivyo ndivyo vinavyozaa warukaji viunzi, mbona havikuzaa miaka yote hiyo?

Kilichokatika

Mimi naona mambo matatu yaliyoukata uzi.

La kwanza ni siasa. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Akii-Bua alibaki nyumbani, na Edwin Moses wa Marekani akashinda kwa rekodi mpya. Mwaka 1980 Kenya ilijitoa katika Olimpiki ya Moscow kwa ajili ya Warusi kuivamia Afghanistan. Wakumbukao watakumbuka jinsi Rais Carter alivyomtuma bondia Muhammad Ali kuja Afrika kuzishawishi serikali, na jinsi Mwalimu Nyerere alivyokataa kuonana naye. Kimaiyo, bingwa wa Jumuiya ya Madola, hakwenda Moscow. Akii-Bua alikwenda, baada ya kukimbilia Kenya vita vilipomwangusha Idi Amin mwaka 1979 na kupitia Ujerumani Magharibi, lakini siku zake zilikuwa zimepita. Alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 47. Sisemi kwamba kuwasusia makaburu kulikuwa kosa. Nasema tu kwamba ufundi hupokezwa kutoka mtu hadi mtu, na mpokezano ukikatika miaka minane, mtoto anayezaliwa hana wa kumwangalia.

La pili ni fedha. Mkimbiaji wa masafa marefu akishinda mbio za barabarani ughaibuni hurudi akajenga nyumba na kununua shamba. Kijana wa kijijini huliona shamba hilo kila anapokwenda shule. Mbio za viunzi hazikimbiwi barabarani, na mashindano yake yenye zawadi nono ni machache. Baba gani atamshauri mwanawe aache njia ya shamba ashike njia ya kiunzi?

La tatu ni vyombo, na hili ndilo nililoliona kwa macho yangu.

Chuma kisichoanguka

Nilimpeleka mpwa wangu katika shule moja ya nje kidogo ya mji, ambako niliambiwa kuna mwalimu anayefundisha wanariadha wakati wa likizo. Mwalimu nilimkuta ni kijana mwema, mwenye bidii, na watoto wanampenda. Uwanja wake ni wa nyasi na mawe, na kando yake pamesimamishwa viunzi vinne vya chuma. Fundi wa jua kali alikuwa amechomelea nondo, akaviwekea miguu mbele na nyuma ili visiangushwe na upepo.

Siku ya kwanza mpwa wangu aliruka vizuri. Siku ya pili, kwenye kiunzi cha tatu, hatua zilimzidi moja, akafika na mguu usio wake, goti likapiga chuma. Kile chuma hakikutikisika. Yeye ndiye aliyeanguka. Alishonwa nyuzi sita chini ya goti, na usiku kucha mke wangu alikaa naye, mimi nikawa natafuta maneno ya kumwambia dada yangu.

Nilirudi kwa mwalimu nikiwa na hasira. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole, "Mzee, nisamehe. Hivi ndivyo tulivyo navyo. Hata mimi nilijifunzia hivi, na mguu wangu una alama." Akapandisha suruali akanionyesha.

Ndipo nilipojua jambo ambalo wengi hatulijui. Kiunzi cha kweli kimetengenezwa kianguke. Sheria za mchezo zataka kilale chini kikisukumwa kwa nguvu ya kilo 3.6 hivi katikati ya ubao wake wa juu. Miguu yake ya chini huelekea upande anakotoka mkimbiaji tu, ili akikigonga kiinamie mbele na kumwachia apite. Kiunzi kisichoanguka humfundisha mtoto woga, na mtoto mwenye woga huruka juu kama mbuzi badala ya kupita juu yake akikimbia. Kila kiunzi humpotezea muda, na viunzi ni kumi.

Hapo pia ndipo nilipofahamu kwa nini Kenya imetawala mbio za kuruka viunzi na maji lakini si hizi. Tangu Amos Biwott na Benjamin Kogo waliposhika nafasi ya kwanza na ya pili mjini Mexico mwaka 1968, mbio zile zimekuwa kama shamba letu. Vizuizi vyake ni vizito, haviangushwi, na mtu ameruhusiwa kuvikanyaga. Hakuna njia ya peke yako wala hesabu kali ya hatua. Kijana aweza kujizoeza kwa gogo na kijito. Mbio za viunzi haziwezi kufunzwa kwa gogo. Zataka viunzi kumi kwa kila njia, maana yake ni 80 kwa uwanja wa njia nane, na zataka mtu wa kukaa kando akihesabu hatua.

Basi je, mlima?

Turejee kwenye hoja ya dada yangu. Mji wa Nakuru uko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kwa mbio ndefu, kuzaliwa na kuishi katika kimo kama hicho ni msaada mkubwa, hilo sikatai. Lakini mbio za mzunguko mmoja ni jambo jingine. Tuwatazame waliozishinda.

Mwaka 1984 mjini Los Angeles ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake kukimbia mita 400 za viunzi katika Olimpiki. Aliyeshinda ni Nawal El Moutawakel wa Morocco, kwa sekunde 54.61. Ni binti wa Casablanca, mji wa bandari kama Mombasa, wenye chumvi katika upepo wake. Alikuwa Mmorocco wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, na mwanamke wa kwanza Mwislamu wa Afrika kufanya hivyo. Mfalme Hassan wa Pili alimpigia simu kumpongeza, akaagiza watoto wa kike waliozaliwa siku hiyo waitwe Nawal. Baadaye akawa waziri wa michezo wa nchi yake. Tarehe ilikuwa 8 Agosti, siku ile ile ambayo miaka 34 baadaye ilimchukua Bett.

Mwaka 1988 mjini Seoul, El Hadj Amadou Dia Ba wa Senegal alipata fedha kwa sekunde 47.23, akamwacha nyuma Edwin Moses mwenyewe. Senegal ni nchi ya tambarare na pwani. Mwaka 2000 mjini Sydney, Hadi Souan Al-Somaily alikosa dhahabu kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na fedha yake ikawa nishani ya kwanza ya Saudi Arabia tangu Olimpiki kuanza. Mwaka 2018 mjini Paris, Abderrahman Samba wa Qatar akakimbia 46.98, mtu wa pili katika historia kushuka chini ya sekunde 47. Qatar haina mlima wa kutajwa.

Casablanca, Dakar, Riyadh, Doha! Haya si majina ya watu wa Nandi. Ni majina tunayoyasikia katika dua za wazee wetu na katika hadithi za mabaharia wetu. Nani basi alitwambia kwamba mtoto wa Pwani hana urithi katika mbio hizi?

Na kama ni urithi wa hapa hapa nyumbani, tusisahau kwamba dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola haikutoka mlimani. Ililetwa na Seraphino Antao, Mgoa wa Mombasa, aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 mjini Perth mwaka 1962. Miaka miwili baadaye ndiye aliyebeba bendera ya Kenya huru katika Olimpiki ya Tokyo. Alikuwa mtu wa usawa wa bahari. Wale mabingwa wa Mexico walikuja baada yake. Kwa hiyo ule msemo wa barazani, kwamba mbio ni za watu wa bara, si wa kale kama tunavyoudhani. Umri wake ni mdogo kuliko wa baadhi ya wazee wanaousema.

Najua wapo wazazi watakaoniuliza habari ya mavazi ya binti. Ni swali la haki, na kila nyumba ina jibu lake. Nitasema tu kwamba Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alikimbia akiwa amejifunika kichwa na mwili, na mwaka 2006 mjini Doha akashinda mita 200 za Michezo ya Asia. Jambo la nguo lina njia. Jambo la chuma kisichoanguka ndilo linalonikosesha usingizi.

Seremala wa Bondeni

Jeraha la mpwa wangu lilipoanza kufunga, nilimwendea seremala mmoja wa mtaa wetu. Nilimchorea kiunzi kwenye karatasi ya dukani: miguu upande mmoja, ubao mwepesi juu, kimo cha sentimita 76.2. Alicheka kwanza, akauliza kama nataka kuanika samaki. Siku ya tatu alikuwa ametengeneza kimoja. Tulikipeleka uani, mpwa wangu akakisukuma kwa goti lake zima, nacho kikalala taratibu kama mtu aliyesinzia. Akanitazama akasema, "Mjomba, hiki hakinichukii."

Nikaagiza sita. Vitatu nilimpelekea yule mwalimu kijana, kwani watoto wa Nakuru nao wana magoti, na watu hudhani kwamba kwa kuwa huku ni nchi ya wakimbiaji basi kila kitu kipo. Hakipo. Vitatu vilifungwa vikatiwa katika buti ya basi la Mombasa pamoja na mwenyewe.

Hilo si suluhisho, nami sitaki msomaji anipongeze. Viunzi vitatu si kumi, sembuse 80. Nchi ambayo raia wake mmoja alishinda dunia akiwa njia ya tisa haipaswi kumtegemea mwuza vipuri na seremala. Serikali za kaunti, za Bonde la Ufa na za Pwani, zinajenga viwanja, nasi hufurahia kuona viti vimepakwa rangi. Tuwaulize wakubwa hao swali jingine pia: katika hesabu ya uwanja huo, viunzi vimeandikwa vingapi, na mwalimu wa kuhesabu hatua amewekewa mshahara gani? Tuulize kabla utepe haujakatwa, kwani baada ya hapo hakuna anayesikia.

Nimezungumza na dada yangu. Nilimwambia kwamba mtoto hahitaji kuhamia mlimani. Anahitaji viunzi vinavyoanguka, na mtu mzima wa kukaa kando yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ufukweni maji yakitoka mchanga huwa mgumu, na kwamba jirani yao mvuvi amewapa kamba. Wameipima mita 35, wakaifunga fundo kila mwisho. Jioni, baada ya Alasiri, mama hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akihesabu kwa sauti. Binti bado anapiga 17, na siku nyingine 18. Kovu lipo. Lakini ameniambia kwamba Jumapili iliyopita aliviruka vyote vitatu kwa mguu ule ule.